Taa inawaka, kibao kiko gizani: majibu kwa wasomaji kuhusu mwanga wa jikoni

Barua nyingi zilizotufikia kwa ajili ya safu hii zinalalamikia jambo moja, kwamba jikoni kuna taa, taa inawaka vizuri, na bado mpishi haoni sawasawa kile anachokikata. Tumechagua barua nne zilizotoka sehemu mbalimbali za Dar es Salaam na kuzijibu kwa kirefu au kwa ufupi kadiri ya uzito wa jambo lenyewe.

Swali: Ndugu mshauri, salaam. Tumehamia katika nyumba yetu Kinyerezi kabla ya kumalizia dari ya jiko. Jiko lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3. Kaunta ya graniti imezunguka kuta mbili, na juu ya ukuta mmoja kuna kabati za kuning'inia. Taa ni tyubu moja ya futi 4 iliyofungwa katikati. Jioni nikisimama kwenye kaunta, kivuli changu mwenyewe kinafunika kibao, na mchele inanibidi niupeleke sebuleni ndipo niuchague. Fundi ameshauri niweke dari ya jipsamu yenye spotilaiti 12. Je, gharama hiyo ina maana? Na mwanga uwe mweupe au wa njano?
— Mama wa Kinyerezi

Jibu: Mama, asante kwa kueleza vipimo, kwa sababu vinaonyesha kwamba tatizo lako halitokani na uchache wa mwanga peke yake. Taa ikiwa katikati ya dari na kaunta zikiwa kando ya kuta, kila unapogeukia kazi unaipa taa mgongo, na mwili wako ndio unaozuia mwanga usifike kwenye mikono. Ukiongeza nguvu ya taa hiyo hiyo mahali pale pale, utapata kivuli cheusi zaidi. Spotilaiti 12 zikipangwa kwa mistari iliyo sawa juu ya dari nzima, kama mafundi wengi wanavyopenda kwa sababu zinapendeza zikitazamwa kutoka mlangoni, zile za katikati zitarudia kosa la tyubu yako, na ni zile chache tu zilizo karibu na kuta zitakazokusaidia kukata kitunguu. Ndiyo maana ninakusihi, kabla ya kununua chochote, usimame jikoni usiku na kuonyesha sehemu tatu ambako mikono yako hufanya kazi: mahali pa kukatia, kwenye sinki, na kwenye jiko la gesi. Mwanga upelekwe huko kwanza.

Kwenye ukuta wenye kabati, weka taa za mkanda za LED chini ya kabati, upande wa mbele, nyuma ya ukingo wa mbao, ili ziangaze kaunta bila kukuchoma machoni. Kwa kuwa kaunta yako ni ya graniti iliyong'arishwa, chagua mkanda uliowekwa ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cheupe kama maziwa, la sivyo utaona kila nukta ya taa ikijirudia juu ya jiwe. Kwenye ukuta usio na kabati, hamisha taa ya dari hadi iwe sambamba na ukuta, sentimita 60 hadi 70 kutoka ukutani, yaani juu ya ukingo wa kaunta. Hapo mwanga utashuka mbele yako na kivuli kitaanguka nyuma.

Sasa tuje kwenye kiasi. Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, na mwanga unaofika juu ya meza hupimwa kwa luksi, ambayo ni lumeni moja katika kila mita moja ya mraba. Kwa jiko la nyumbani, luksi 200 zinatosha kwa eneo zima, na mahali pa kukatia panahitaji karibu 500. Jiko lako lina mita za mraba 12, hivyo mwanga wa jumla ni lumeni 2,400, lakini kwa kuwa sehemu humezwa na kuta na vumbi, taa zenyewe zitoe kama 3,600. Tyubu mbili za LED za wati 18, moja kwa kila ukuta wenye kaunta, zinafikia hapo. Kwa kaunta yenye urefu wa mita 3 chini ya kabati, mkanda unaotoa lumeni 500 kwa kila mita, ambao hutumia kama wati 6 kwa mita, unatosha kabisa.

Wengi huogopa kwamba taa nyingi zitamaliza uniti za LUKU, kwa hiyo tufanye hesabu. Tyubu ya zamani ya wati 36 pamoja na choki yake hula karibu wati 45, na ikiwaka saa 5 kila jioni inatumia uniti 6.75 kwa siku 30. Tyubu mbili za LED kwa saa hizo hizo, pamoja na mkanda wa wati 18 unaowashwa saa 2 tu wakati wa kuandaa chakula, zinatumia uniti 6.48. Umepata mwanga mwingi zaidi, mahali unapouhitaji, kwa umeme ule ule au pungufu kidogo. Spotilaiti 12 za wati 7 zikiwaka pamoja kwa saa hizo zinatumia uniti 12.6. Faida hii itapatikana iwapo mkanda na taa za dari vina swichi mbalimbali, kwa hiyo usikubali kila kitu kiunganishwe kwenye swichi moja kwa sababu tu fundi anaokoa waya. Anayeamka saa 10 usiku kupasha daku atashukuru kuweza kuwasha taa ya kaunta peke yake.

Simkatai fundi wako kuhusu jipsamu. Kama mnaitaka kwa uzuri wake, iwekeni, ila waya zote zipitishwe kwenye mabomba kabla dari haijafungwa, kwa sababu kutoboa dari iliyokwisha pakwa rangi ni hasara. Na kama unapenda spotilaiti, nne zilizopangwa juu ya ukingo wa kaunta zinashinda 12 zilizotawanywa. Kwa njia ya taa, waya wa milimita za mraba 1.5 ndio wa kawaida, ukilindwa na breka ya ampea 6 au 10, na waya wa ardhini wa kijani na njano ufike kwenye kila taa yenye mwili wa chuma. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, naye asione vibaya ukiomba kuiona.

Kuhusu rangi, nitakupa maoni yangu waziwazi: mwanga mweupe sana wa 6500K unaouzwa kila duka haufai jikoni (K ni kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga). Unaonekana mkali, lakini unafanya chakula kionekane kama kimepauka. Mwanga wa njano wa 3000K ni mzuri mezani pa kulia. Kwa kazi ya jiko, 4000K ndiyo ninayoipendekeza, na taa zote za chumba hicho ziwe za namba hiyo moja. Faida nyingine ya kukwepa mwanga wenye bluu nyingi ni kwamba wadudu huvutwa nao zaidi, na wakati wa masika wakazi wa Kinyerezi wanajua kumbikumbi wanavyojazana kwenye taa.

Hata hivyo, kuna namba nyingine ambayo wanunuzi wengi huiruka, nayo ni ile inayoandikwa CRI au Ra, inayoeleza taa inavyoonyesha rangi halisi za vitu, ambapo 100 ndiyo ya juu kabisa. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni taa ya bluu iliyofunikwa kwa unga wa njano, na mchanganyiko huo, ukitengenezwa kwa gharama ndogo, huwa na wekundu hafifu. Ugunduzi wa LED ya bluu yenye mwanga wa kutosha ndio uliowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014, na bila huo tusingekuwa na taa hizi. Kwako wewe jambo hili lina maana ya moja kwa moja: ukileta samaki kutoka Feri, unatazama wekundu wa mashavu yake kujua kama ni mbichi, na chini ya taa yenye CRI ya 70 wekundu huo hauonekani sawasawa. Tafuta 80 au zaidi, na kwa mkanda wa kaunta tafuta 90.

Ukienda Kariakoo kununua, soma boksi. Boksi lisiloonyesha lumeni, likisema tu kwamba wati 9 ni sawa na wati 100 za zamani, lirudishe, kwa sababu balbu ya LED ya wati 9 hutoa karibu lumeni 800, kiasi kilichokuwa kikitolewa na balbu ya zamani ya wati 60. Angalia alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Mwombe muuzaji aiwashe taa, kisha uitazame kupitia kamera ya simu. Ikiwa mistari myeusi inatembea kwenye picha, taa hiyo inapepesa, na kwa mtu anayekata mboga kwa muda mrefu kupepesa huko huchosha macho hata kama hakuonekani kwa macho matupu.

Swali: Nimepanga vyumba viwili Sinza. Jiko ni dogo kama varanda, na dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani, hivyo hata saa 6 mchana ninawasha taa. Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe wala waya uguswe. Nifanye nini?
— Mpangaji, Sinza

Jibu: Kaka, anza na yale yasiyohitaji ruhusa. Ondoa wavu wa mbu wa dirishani uoshe kwa maji ya moto na sabuni, kwa maana mafuta ya kukaangia na vumbi vikishikana kwenye wavu huziba mwanga mwingi kuliko mtu anavyodhani. Osha pia kioo na kifuniko cha taa. Kisha badilisha balbu: ile ya LED ya wati 13 hadi 15 hutoa lumeni 1,300 hadi 1,500, nayo inaingia kwenye holda ile ile, mradi uangalie kama holda yako ni ya kusokota au ya pini mbili. Isiwekwe ndani ya kifuniko kilichozibwa pande zote, kwa sababu LED huharibiwa na joto la vifaa vyake vyenyewe.

Jambo la kumwomba mwenye nyumba ni rangi. Wenye nyumba wengi hawakatai kupakiwa ukuta rangi nyeupe kwa fedha za mpangaji, na ukuta mweupe usiong'aa hurudisha karibu asilimia 80 ya mwanga unaoupiga, ilhali ukuta wa kahawia au wa kijani kilichokolea humeza sehemu kubwa. Kwako hilo litaleta mabadiliko kuliko taa yoyote, hasa mchana.

Kwa mahali pa kukatia, nunua taa ndogo ya kuchaji yenye sumaku au ya kubandika, uiweke chini ya rafu; itakufaa pia umeme ukikatika. Usivute waya wa ekstensheni kupita karibu na sinki kwa ajili ya kuwasha taa ya mezani. Na kwa kuwa katika jiko dogo namna hiyo mtungi wa gesi huwa karibu, kumbuka kwamba ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, kwa kuwa cheche ndogo ya swichi inatosha kulipua. Funga mtungi, fungua mlango na dirisha, toka nje.

Swali: Mwanangu, nyumba yangu iko Ilala, na waya zake ni zile za zamani, nyekundu na nyeusi. Wajukuu waliniondolea tyubu jikoni wakaweka balbu za LED. Sasa nikizima swichi, balbu zinabaki zikimulika kidogo usiku kucha. Juzi nilipobadilisha balbu moja, swichi ikiwa imezimwa, nilipigwa shoti. Pia macho yangu hayaoni kama zamani. Je, niweke taa kali zaidi?
— Mzee wa Ilala

Jibu: Shikamoo Mzee wangu. Ninaomba kwanza usiguse tena balbu yoyote kabla ya kuzima umeme wa nyumba nzima kwenye mein swichi, kwa sababu mambo mawili uliyoyaeleza, kumulika na shoti, yanaelekea kuwa na chanzo kimoja, nacho ni cha hatari.

Katika waya za zamani, nyekundu ndiyo yenye moto na nyeusi ndiyo ya kurudisha umeme. Katika waya za sasa rangi hizo ni kahawia na bluu. Swichi inatakiwa ikate ile yenye moto. Kama aliyeifunga aliiweka kwenye ile nyeusi, taa itawaka na kuzimika kama kawaida, ila swichi ikiwa imezimwa holda inabaki na volti 230 zikimsubiri atakayeigusa. Balbu za zamani hazikuonyesha kasoro hiyo kwa sababu umeme mdogo unaovuja hauwezi kupasha uzi wake, lakini LED huhitaji umeme kidogo mno, ndiyo maana inamulika. Wajukuu hawakuleta ubaya huo. Balbu zao ndizo zilizouweka wazi.

Fundi atathibitisha kwa kupima holda swichi ikiwa imezimwa. Akikuta moto, ahamishie swichi kwenye waya mwekundu, na akague swichi za vyumba vyote, kwa kuwa aliyefanya hivyo jikoni huenda alifanya hivyo nyumba nzima. Kama balbu itaendelea kumulika baada ya hapo, mara nyingi ni swichi yenye kitaa kidogo ndani yake, au waya mbili ndefu zilizopita pamoja, na hayo si ya kuhofiwa. Kwa umri wa nyumba yako, naomba pia apime uimara wa maganda ya waya na aweke breka inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Fedha za kununua taa nzuri zitumike baada ya fedha hizo, si kabla.

Kuhusu macho, hujakosea, Mzee. Mtu wa miaka 60 hupokea ndani ya jicho takribani theluthi moja ya mwanga anaoupokea kijana wa miaka 20, kwa kuwa mboni husinyaa na lenzi hugeuka ya manjano. Unahitaji mwanga zaidi, lakini macho yenye umri huumizwa pia na taa inayoonekana wazi, hivyo balbu kali isiyo na kifuniko itakusumbua badala ya kukusaidia. Weka taa mbili au tatu za kiasi zenye vifuniko vyeupe, moja ikiwa karibu na mahali pa kazi. Kibao cheupe kwa mchicha na cha rangi iliyokolea kwa vitunguu vitakusaidia kuona makali ya kisu yalipo. Na ile tyubu iliyoondolewa isivunjwe wala kuachwa uani kwa watoto, kwa sababu ndani yake mna zebaki. Ndiyo sababu nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, unaohusu zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kuziondoa tyubu za aina hiyo ifikapo 2027. Ikivunjika, watu watoke, madirisha yafunguliwe, na vipande vikusanywe kwa karatasi ngumu, si kwa mikono mitupu.

Swali: Nipo Kigamboni, karibu na bahari. Nilifunga mwenyewe mkanda wa LED wa volti 12, mita 10 mfululizo, chini ya kabati na kupita juu ya jiko la gesi. Tangu mwanzo upande wa mwisho ulikuwa hafifu, na baada ya miezi michache vipande vimezima kabisa. Je, mkanda ni mbovu?
— Kijana wa Kigamboni

Jibu: Huenda mkanda ulikuwa mzuri, kijana wangu, lakini ulipewa kazi isiyo yake. Katika volti 12, umeme hupungua nguvu kadiri unavyosafiri ndani ya mkanda mwembamba, na baada ya mita 5 hivi upungufu huo huonekana kwa macho. Gawa mkanda uwe vipande viwili vya mita 5, kila kimoja kipate waya wake kutoka kwenye adapta, au ununue wa volti 24. Adapta nayo isilingane na mkanda bila ziada: mita 10 za wati 6 ni wati 60, hivyo chukua adapta ya wati 75 au 80.

Vipande vilivyozima ninadhani ni vile vilivyo juu ya jiko la gesi. Joto na mvuke wa mafuta ni adui wa LED na wa gundi yake, kwa hiyo sehemu hiyo iachwe bila mkanda, na iangazwe na taa ya dari iliyo juu ya ukingo wa kaunta. Kwa sehemu nyingine tumia mkanda uliofunikwa kwa silikoni wenye alama ya IP65, yaani usiopitisha vumbi wala maji yanayorukia, uubandike kwenye mfereji wa alumini unaopoza taa, maana mbao peke yake hazipozi. Hewa ya chumvi ya Kigamboni hula shaba na bati la maungio, kwa hiyo maungio yawe ya kuchomelewa kwa risasi na kufunikwa, si ya kubana tu, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Adapta iwekwe ndani ya kabati kavu yenye matundu ya kupitisha hewa, mbali na sinki, mahali ambapo mkono unafika bila kuvunja kitu.